Kutafuta na kugawana muziki kompyuta kwa kompyuta ukiwa Tanga: mwongozo kamili

Muziki wa Tanga uko majumbani kuliko ulivyo mtandaoni. Nyimbo za Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, bado zimo kwenye kanda zilizofungiwa makabatini Ngamiani na Chumbageni, kwenye flashi za madereva, na kwenye simu ambazo zikidumbukia majini nyimbo nazo zimekwenda. Vikundi vya sasa vinarekodi, vinarusha video WhatsApp, video inabanwa, sauti inaharibika, na rekodi nzima inabaki kwenye laptopu moja studio.

Kugawana kompyuta kwa kompyuta ni dawa ya hilo, kwa sharti kwamba watu wanatoa na si kuchukua tu. Kwa sisi tunaotumia laini za simu na bando, kutoa hakuji kwenyewe. Ukisakinisha programu na kuiacha ilivyo, utapakua, utamaliza bando, na wenzako hawatapata kitu kutoka kwako. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kurekebisha hilo.

Mfumo unavyofanya kazi

Napster ya mwaka 1999 ilikuwa na seva moja iliyojua nani ana wimbo gani. Wimbo wenyewe ulitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, lakini orodha ilikuwa mahali pamoja, na mahakama za Marekani zilipoibana mwaka 2001 huduma nzima ikazimika. Siku hizi njia kuu ni mbili.

Ya kwanza ni BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Faili hukatwa vipande, kila kipande kikiwa na alama yake ya hesabu iitwayo hashi. Unachukua kipande hiki kwa mtu wa Mombasa, kile kwa mtu wa Ujerumani, na huku wewe unampa mwingine ulivyokwishavipata. Kipande kikifika kimeharibika, hashi hailingani, programu inakitupa na kukiomba upya. Ndiyo maana torenti (mkusanyo wa mafaili unaogawanywa kwa njia hii) iliyokamilika ni nakala halisi ya ile ya mwanzo, hata kama mtandao ulikatika mara ishirini katikati.

Ya pili ni Soulseek. Hapa hakuna vipande: unatafuta jina, unaona folda za watu, unachukua faili zima kutoka kwa mtu mmoja. Ni nzuri kwa vitu adimu ambavyo hakuna aliyevitengenezea torenti. Ubaya wake ni kwamba mtu huyo akizima kompyuta, umekwama mpaka arudi.

Katika njia zote mbili anwani ya mtandao unaotumia inaonekana kwa unaobadilishana nao. Hakuna kujificha. Wapo wanaokimbilia VPN, lakini Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN wazisajili, kwa hiyo usiiwashe kwa mazoea bila kufuata utaratibu huo. Ukigawa kilicho halali huna sababu ya kujificha hata hivyo.

Kipi kinagawika

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo wa zamani si wimbo wa bure. Taarabu ina ugumu zaidi, kwa sababu wimbo mmoja una wenyewe wengi: aliyetunga shairi, aliyetia muziki, waimbaji na wapigaji, na aliyegharamia rekodi. Mara nyingi mtunga shairi si mwimbaji tunayemjua sote, na familia yake ndiyo husahaulika kuulizwa.

Unavyoweza kugawa bila wasiwasi ni hivi: rekodi yenu wenyewe ya nyimbo zenu wenyewe, rekodi ambayo wenye haki wamekuandikia ruhusa, na kazi iliyotolewa kwa leseni ya Creative Commons. Soma herufi za leseni hizo. BY maana yake umtaje mwenye kazi. NC, usifanyie biashara, na hapo muuza nyimbo wa stendi anayelipisha kwa kila flashi hatakiwi kuitumia. ND, usiibadilishe, kwa hiyo DJ asiikate wala kuichanganya. SA, ukiibadilisha uitoe kwa masharti yale yale.

Ukihitaji ruhusa, nenda mwenyewe au piga simu kwanza, kisha ipate kwa maandishi. Kwa mama aliyeimba na kikundi zamani, ujumbe uwe na maneno kama haya:

"Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba idhini yako kuziweka mtandaoni nyimbo hizi za kikundi (taja kila wimbo kwa jina), watu wazipate bure, majina yenu yakitajwa. Hazitauzwa. Nikishaziweka watu wakazichukua, haziwezekani kurudishwa zote. Naomba pia unijulishe nani alitunga mashairi, ili nimwone yeye au familia yake."

Ile sentensi ya kutowezekana kurudisha usiiondoe. Mtu ana haki ya kujua kabla hajakubali kwamba torenti ikishasambaa haina kitufe cha kufuta. Jibu lake lihifadhi, liwe ni karatasi iliyotiwa saini au picha ya ujumbe. Mkibishana juu ya nani mwenye haki, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndiyo pa kuulizia.

Vifaa na programu

Laptopu yoyote yenye RAM ya GB 4 inatosha, pamoja na diski ya nje. Kwenye kompyuta weka qBittorrent: ni ya bure, haina matangazo, ipo kwa Windows, Linux na Mac. Ishushe kutoka tovuti yake rasmi tu, maana kuna tovuti za kuiga zinazofungasha takataka ndani yake. Kwa simu ya Android tumia LibreTorrent, na kwenye mipangilio yake uruhusu ifanye kazi kwa Wi-Fi pekee. Kwa Soulseek, programu nzuri ni Nicotine+.

Kabla hujapakua chochote kwenye Windows, fungua mipangilio ya folda na uruhusu viishio vya majina ya mafaili vionekane. Windows huvificha. Faili linalojionyesha kama "wimbo.mp3" linaweza kuwa "wimbo.mp3.exe", na ukilibonyeza umeshaingiza virusi. Muziki huishia na mp3, flac, m4a, ogg, opus au wav. Ukikuta exe, scr, lnk, au zipu inayodai neno la siri ambalo sharti ulifuate kwenye tovuti nyingine, futa bila kufungua.

Kuipanga qBittorrent iendane na bando

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, twende taratibu.

Pima kasi yako kwanza, kushusha na kupandisha, usiku na mchana. Kipimo huja kwa megabiti. Gawanya kwa 8 upate megabaiti. Ukiona kupandisha ni megabiti 4, maana yake ni kama KB 500 kwa sekunde. Fungua "Tools", kisha "Options", kisha "Speed", na kwenye kupandisha andika robo tatu ya kipimo au pungufu yake kidogo. Kwa mfano huu, 300 hadi 375. Ukiacha bila kikomo, kupandisha kutajaza njia yote, na hata zile taarifa fupi ambazo kompyuta yako hutuma kusema "nimepokea, lete nyingine" zitachelewa. Matokeo yake kushusha nako kunazorota, na watu wa nyumbani wanakulaumu kwamba mtandao umekufa.

Sasa piga hesabu ya bando. Kupandisha KB 300 kwa sekunde kwa saa 5 ni zaidi kidogo ya GB 5. Kama unatumia bando la usiku, kwenye ukurasa huo huo wa "Speed" kuna kasi mbadala yenye ratiba. Weka kasi ya kawaida kwa saa za bando la usiku na mbadala kwa mchana. Angalia mtego huu: ukiandika 0 kwenye kasi hizo, programu inaelewa "bila kikomo", si "simama". Na ukiandika 5 ukidhani ni kidogo, kwa saa 18 za mchana hiyo ni zaidi ya MB 300 za kupandisha na nyingine kama hizo za kushusha. Juu ya hapo programu inaendelea kuzungumza na wenzake hata isipohamisha muziki. Kwa bando la kupimwa, mchana ifunge kabisa programu. Fika mpaka kialama chake kilicho karibu na saa ya kompyuta ukaifungie hapo, kwa sababu kubonyeza alama ya X huenda kukaificha tu.

Kwenye "Connection" punguza idadi ya miunganiko: 500 za mwanzo ni nyingi mno kwa hotspoti ya simu. Andika 100 kwa jumla na 30 kwa kila torenti. Ruta ndogo za laini huishiwa nguvu miunganiko ikizidi, zinajizima na kujiwasha, na mtu anadhani mtandao ndio mbovu.

Kwenye "BitTorrent" acha DHT, PeX na "Local Peer Discovery" zikiwa zimewashwa. Mbili za kwanza zinatafuta watu bila kutegemea seva. Ya tatu inatafuta walio kwenye Wi-Fi moja nawe, na tutaifikia.

Lango na kitendawili cha laini za simu

Ili mtu wa nje aweze kuanza kukufikia, programu yako inahitaji lango lililo wazi. Kwenye ruta ya nyumbani ya faiba, chaguo la UPnP ndani ya "Connection" kwa kawaida hulifungua lenyewe. Chini ya dirisha utaona alama: kijani maana yake unafikika, njano maana yake hufikiki kutoka nje.

Kwa laini ya simu, karibu kila mara ni njano, wala si kosa lako. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kuthibitisha, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja na hakuna mpangilio wa ruta utakaofungua lango. Usipoteze jioni nzima kuhangaika nayo.

Ukiwa njano bado unatoa na kupokea, ila ni wewe unayepaswa kuanza mazungumzo, na upande wa pili uwe wazi. Walio njano wawili wakikutana peke yao mara nyingi hawaonani. Ndiyo sababu kijana wa Makorora anamtumia mwenzake wa Pangani torenti aliyoitengeneza, mwenzake anasubiri siku tatu kwenye sifuri, na wote wawili wako hewani. Suluhisho lao liko kwenye sehemu ya kugawa, hapo mbele.

Kutafuta

Anza na Internet Archive, maktaba ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1996. Ina rekodi nyingi zilizowekwa kwa ruhusa, na kazi nyingi zinazoruhusiwa kupakuliwa huwa na torenti yake upande wa machaguo ya kupakua. Uzuri wa torenti hizo ni kwamba seva za maktaba yenyewe ni chanzo cha akiba, kwa hiyo hata asipokuwepo mtu mwingine utapata. Jamendo na Free Music Archive zina wanamuziki waliotoa kazi zao kwa leseni huria, ingawa huko unapakua moja kwa moja.

Unapoongeza torenti, subiri orodha ya mafaili ijitokeze kabla ya kukubali. Torenti ya Internet Archive hubeba wimbo ule ule kwa FLAC (sauti kamili isiyopunguzwa), kwa MP3 (iliyobanwa), na picha za mawimbi ya sauti. Ukikubali yote umelipia kitu kimoja mara mbili au tatu. Ondoa alama kwenye usivyovitaka. Utaona bado vimechukuliwa vijisehemu vya mafaili uliyoyakataa. Hiyo ni kwa sababu kipande kimoja huweza kuwa na mwisho wa faili hili na mwanzo wa lile.

Majina yetu huandikwa kila namna. Tafuta taarabu, kisha taarab, kisha tarabu na tarab. Black Star itafute na kama neno moja. Mara nyingi anayeandika ni mgeni aliyenakili karatasi ya sahani bila kujua Kiswahili, kwa hiyo badilisha "dh" iwe "z" au "d", na "gh" iwe "g". Tafuta pia kwa jina la mwimbaji na la mji. Sahani nyingi za bendi zetu zilitolewa Mombasa na Nairobi, na mtu akizipanga chini ya Kenya hutaziona ukiandika Tanzania. Kupatikana kwa rekodi, hata hivyo, si ruhusa ya kuigawa tena. Soma leseni kwenye ukurasa wake kwanza.

Kabla ya kutumia bando kwa torenti usiyoijua, angalia safu ya "Availability". Namba hiyo inajumlisha nakala zilizopo kwa watu wote waliounganika nawe. Ikiwa 1 au zaidi, faili zima lipo. Ikisema 0.87, kuna vipande ambavyo hakuna yeyote anavyo kwa sasa. Utafika asilimia 87 na kubaki hapo. Subiri saa za jioni za Ulaya, watu wanaporudi nyumbani, au acha.

Nicotine+ na Soulseek

Unapoingia mara ya kwanza unachagua jina na neno la siri papo hapo, bila barua pepe. Programu ikikwambia neno la siri si sahihi na wewe ndiyo kwanza unajisajili, maana yake jina lina mwenyewe, chagua lingine. Neno la siri liandike mahali, ukilisahau hakuna wa kukurudishia.

Tengeneza folda mpya, uiite "Muziki wa kugawa", na uichague hiyo pekee kwenye sehemu ya "Shares". Usichague "Documents", usichague diski nzima. Enzi za LimeWire, programu ya zamani ya kugawana mafaili, watu walitoa nje taarifa zao za kodi na barua zao bila kujua, kwa kosa hili hili. Ukimaliza, fungua orodha yako kama anavyoiona mgeni, pita folda moja moja.

Watu wengi huko wamezuia anayekuja mikono mitupu. Mwenye folda tupu huachwa kwenye foleni au kukataliwa. Weka rekodi zenu zenye ruhusa kwanza, hata kama ni nyimbo kumi, kisha ndiyo uanze kuomba. Tumia alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, kwa mfano "taarab -remix". Kitu adimu kiandikishe kwenye "Wishlist", programu itakitafuta yenyewe kila baada ya muda. Na unapochukua, chukua kwa mtu mmoja mafaili machache, usimjazie foleni mafaili mia tano. Kwa laini zetu hutayamaliza, na unawazibia wengine.

Adabu ya mtandaoni ni ile ile ya mtaani. Mwandikie mtu "asante", muulize rekodi ameipata wapi. Wenye hazina hasa ni wakusanyaji, na wengi hufurahi mno kukutana na mtu wa Tanga anayeweza kuwaambia nani anaimba kwenye rekodi waliyonayo bila jina.

Kukagua sauti

Ubora hauonekani kwenye jina la faili. MP3 ya kbps 320 ni MB 2.4 kwa dakika, ya 128 ni kama MB 1. Wimbo wa taarabu wa dakika 10 ukiandikwa 320 na una MB 10 tu, umedanganywa mchana kweupe. Udanganyifu wa siri zaidi ni MP3 ndogo iliyogeuzwa kuwa FLAC: ukubwa unaongezeka, sauti haiongezeki. Fungua faili kwenye programu ya Spek, inayochora sauti inafika juu kiasi gani. Rekodi ya CD hufika karibu kHz 22. Iliyopitia MP3 ya 128 hukatika kama kwa kisu kwenye kHz 16. Rekodi ya kanda ya zamani huishia chini pia, lakini hufifia polepole, haikatiki ghafla. Usiitupe ya kanda ukidhani ni ya bandia.

Kugawa cha kwenu

Kama chanzo ni kanda, safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti isiyo na maji mengi, ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha, kisha rekodi kwa Audacity kwa kHz 44.1 na biti 24, sauti ya juu kabisa isizidi −6 dB. Kanda yenye ukungu mweupe, ambao pwani hauna mwaka wa kupumzika, isipigwe kwanza kwenye deki nzuri. Ukungu unahamia kanda zinazofuata. Hifadhi nakala ya FLAC kama mama, na toa MP3 kwa ajili ya flashi na redio za gari.

Halafu kazi ya majina, na ifanyike kabla ya kutengeneza torenti. Kwa Mp3tag au Kid3 jaza jina la wimbo, kikundi, mwimbaji, mtunzi, mwaka kama unajulikana, na kwenye maoni leseni au ruhusa. Majina ya mafaili yawe mafupi, bila alama za kuuliza, nukta mbili wala mikwaju. Windows inazikataa, na mtu aliyetengeneza kwenye Linux anashangaa kwa nini wenzake wanapata hitilafu. Ndani ya folda weka SOMA_KWANZA.txt: nani kaimba, nani kapiga udi, fidla na akodiani, ilirekodiwa wapi, nani katoa ruhusa. Miaka 20 kuanzia sasa karatasi hii ya maneno itakuwa na thamani sawa na sauti yenyewe.

Kwa nini kabla? Kwa sababu jina la mwimbaji limo ndani ya faili. Ukisahihisha herufi moja baada ya torenti kuzaliwa, hashi za vipande hivyo hazilingani tena na unaacha kuvitoa. Zipo programu za kupigia muziki zinazojiandikia nyota na picha ndani ya mafaili bila kukuuliza, na torenti iliyokuwa asilimia 100 jana leo ni 94. Folda unayoitoa iwe ya kusoma tu. Ya kusikiliza iwe nakala nyingine.

Njia iliyo bora kwa aliye kwenye laini ya simu ni hii. Fungua akaunti Internet Archive, pakia folda nzima, chagua leseni waliyokubali wenye haki, andika maelezo kwa Kiswahili. Torenti itatengenezwa huko huko, na seva zao zitakuwa chanzo hata kompyuta yako ikiwa imezimwa kwa kukatika umeme. Kisha shusha torenti hiyo, iongeze kwenye qBittorrent, na uielekeze kwenye folda uliyonayo tayari. Itakagua, itaona mafaili uliyoyapakia yapo, nawe unaanza kutoa. Pakia kila kitu kwa mkupuo mmoja: ukiongeza faili baadaye torenti inatengenezwa upya, na walioshika ya zamani wanabaki pembeni.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, fungua "Tools" na "Torrent Creator", chagua folda, ukubwa wa kipande acha programu iamue. Kisanduku cha "Private" kiache kitupu. Ukikitia alama unazima DHT, PeX na utafutaji wa ndani kwa pamoja, na kama huna seva yako ya kuratibu, hakuna binadamu atakayekupata. Anzisha kutoa papo hapo, kisha bonyeza kulia unakili kiungo cha magneti. Hicho ndicho unachotuma WhatsApp: ni maandishi tu, mistari michache, na ndani yake mna alama ya torenti yenye herufi na tarakimu 40.

Watu watakuja, watachukua, wataondoka. Tanga tunalijua hilo, waja leo waondoka leo. Kwa rekodi adimu ondoa kikomo chochote cha kutoa mpaka uone angalau watu watatu wengine wana nakala kamili, na mmoja wao awe mtu unayeweza kumpigia simu.

Bila bando kabisa

Washa hotspoti ya simu moja, unganisha laptopu mbili, zote zikiwa na qBittorrent na "Local Peer Discovery". Torenti iliyo kwenye moja itaenda kwa nyingine kupitia Wi-Fi, bila kugusa bando kwa muziki wenyewe. Ukizima data ya simu na hotspoti ikabaki hewani, bando haliguswi kabisa. Hakikisha tu mwenzako ana faili la torenti na si magneti pekee. Kwenye "Speed" ondoa alama inayoweka vikomo kwa walio ndani ya mtandao wako. Kwa Wi-Fi ya kawaida tarajia MB 2 hadi 5 kwa sekunde. Kwa MB 3, GB moja ni kama dakika 6. Wakishindwa kuonana, ruta inatenga wateja wake, jambo la kawaida kwenye Wi-Fi za hoteli na ofisi.

Kwa kikundi kinachorekodi kila mara, Syncthing, programu ya kuweka folda moja sawa kwenye vifaa vyote, inafaa kuliko torenti. Kompyuta ya kikundi iweke folda kuwa "Send Only", wanachama "Receive Only". Mkijipanga wote kutuma na kupokea, mmoja akifuta wimbo simuni kwake unafutika kwa wote. Syncthing hupita hata nyuma ya anwani za pamoja za laini za simu kwa kutumia seva za kati, polepole lakini inafika.

Yanayokwama

Imesimama kwenye "Downloading metadata": umetumia magneti na hakuna mwenye torenti aliye hewani, au DHT imezimwa. Iache dakika 10, kisha omba faili la torenti lenyewe.

Imefika 99 haimalizi: bonyeza kulia, "Force recheck". Ikibaki pale pale, kipande hicho hakuna mwenye nacho. Nyimbo nyingine zote zitapigika.

Umehamisha folda kwenda diski ya nje, programu inasema mafaili hayapo: usipakue tena. Bonyeza kulia, "Set location", onyesha folda ilipo, kagua upya. Siku nyingine ihamishe kwa kutumia programu yenyewe.

Umeme ulikatika katikati: kagua upya kabla ya kuendelea, hasa kama diski ya nje ilichomoka pia.

Flashi haisomeki kwenye redio ya gari: redio nyingi zinataka flashi iliyoumbwa kwa mfumo wa FAT32, na MP3 pekee. Nakili MP3 tu, folda zisizidi ngazi mbili, na picha ya jalada isizidi KB 200.

Simu inaacha kutoa kioo kikizimika: Android imeilaza programu. Iondoe kwenye orodha ya kubana betri, na itoe ikiwa kwenye chaja tu.